Somo yangu ni nani? Maana ya "somo" kwa watu wa Mombasa

Wengi wakisikia somo wanawaza shule tu, somo la hesabu, masomo ya jioni, lakini hapa Mombasa somo pia ni mtu. Somo yako ni yule mnayeitwa jina moja. Wewe Ali na yeye Ali, basi wewe wamwita somo na yeye akwita somo, na ndo utamu wake hapo, kwa sababu si kama mume na mke ambapo kila mmoja ana jina lake katika ule uhusiano. Wifi nalo ni hivyo hivyo kwa wanawake, mke wa kaka yangu ni wifi yangu na mimi ni wifi yake.

Angalia pale kwa mama anayeuza mahamri asubuhi, mtoto ametumwa na sahani, aulizwa "waitwani mwanangu?" asema Khadija, mama aruka "aa, kumbe somo yangu!" na hapo hapo hamri moja la juu laingia kwenye sahani bila kulipiwa. Hawajuani, lakini kuanzia siku hiyo akipita ataitwa somo mpaka awe mtu mzima na jina lenyewe huenda lisitajwe tena. Na nyumba nyingi mtoto hupewa jina la nyanyake, basi utamsikia bibi mzima amwita mjukuu wa miaka mitatu "somo yangu njoo", mapenzi matupu hayo.

Sasa kwenye kusema, ukisema somo langu ni la darasani. Mtu ni somo yangu, kama rafiki yangu, na kitendo kinafuata mtu: somo yangu amefika, somo zangu wamefika. Vijana wengi siku hizi husema "somo langu amekuja" na mimi siwezi kunyamaza nikisikia, manake neno zuri kama hili likianza kuchanganywa litapotea tukiliangalia.

Kuna somo mwingine, wa harusi. Huyu ni mwanamke mtu mzima anayemfunda bi harusi, anakaa naye ndani, amsinga kwa singo, yale manukato ya kusugulia mwili, amwambia mambo ya nyumba ambayo mamake mzazi angeona haya kuyasema. Majina yao hayahitaji kufanana. Na hapa neno haliendi na kurudi, bi harusi husema somo yangu, lakini yule mama humwita mwari wangu, na heshima hiyo hubaki hata baada ya harusi, mwari akipata shida kwa mumewe pa kwanza kukimbilia ni kwa somo yake.

Wengine pia humwita hivyo rafiki wa kuambiana siri, wala hawajakosea.

Lakini kwa yule somo wa jina moja, jina linalohesabiwa ni lako mwenyewe, si la baba. Ali Mohamed na Mohamed Ali si somo. Fatma na Fatuma ndio, hiyo herufi moja haimzuii mtu.