Akimaliza Mapema, Apewe Nini?

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu hapa Busia, upande wa Uganda. Watu wakisikia kazi yangu huniuliza habari za watoto wasioona au wasiosikia. Hao ninao, lakini mwenye kipawa naye ana mahitaji yake, na kwake tunakosea bila hata kujua.

Nililetewa mvulana wa P4 (darasa la nne la msingi) kwa kosa la utundu: hesabu anaanguka, na muda wote anawachokoza wenzake. Nikaomba daftari lake. Majibu mengi yalikuwa sahihi, ila yamekoseshwa kwa kuwa hakuonyesha njia. Maswali ya maelezo, yale ya Kiingereza, ameyaruka yote.

Jumamosi nikamkuta sokoni, kwenye meza ya mama yake anayeuza mukene (ng'ambo ya pili ya mpaka wanaiita omena). Mteja alilipa shilingi 350 za Kenya, na siku hiyo shilingi moja ya Kenya ilikuwa 28 za Uganda. Mama hajashika simu, mtoto keshasema, "Elfu tisa mia nane."

"Umepataje?"

"Ticha, ishirini na nane nimeikata nusu, mia tatu hamsini nimeizidisha mara mbili. Imebaki kumi na nne mara mia saba."

Njia hiyo hakufundishwa na mtu.

Kwenye mtaala wetu, P1 hadi P3 mtoto husoma kwa lugha ya eneo, na P4 ndio mwaka wa kuvukia kwenye Kiingereza. Mwaka huo wapo werevu wengi wanaoonekana wazito. Ndiyo maana kabla ya kumpima mtoto kwa karatasi, namuuliza kwa lugha anayoiwazia, kisha namwacha anieleze mwenyewe.

Nako kupata agrigeti 4, alama ya juu kabisa, kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, si lazima kuwe kipawa. Huenda ni koching, yaani masomo ya ziada, ya alfajiri mpaka usiku. Joseph Renzulli wa Marekani aliandika mwaka 1978 kwamba kipawa huonekana pale mambo matatu yanapokutana: uwezo unaozidi wa kawaida, ubunifu, na kung'ang'ania kazi. Mtihani hupima kidogo la kwanza. Yule wa mukene alikuwa na mawili ya mwanzo. La tatu hakuna aliyempa nafasi ya kulionyesha, maana kazi anayopewa anaimaliza kwa dakika tano.

Wazazi wengi hutaka mtoto arushwe darasa. Mimi huwa mzito kukubali. Wako wanaofaa, ila mtoto wa miaka 9 ukimtia kati ya wa miaka 12 hesabu ataziweza, uwanjani atakuwa peke yake. Nianzacho nacho ni kubana mtaala. Kabla ya mada mpya nachagua maswali matano yaliyo magumu kuliko yote ndani yake. Akipata manne, mada hiyo amemaliza, hakuna kurudia mazoezi thelathini. Muda uliobaki ni wake, na hapo ndipo walimu wengi huharibu: humfanya msahihishaji wa madaftari, au humwongezea maswali yaleyale. Mpeni kitu cha kumshinda.

Hakihitaji pesa. Phiona Mutesi alijifunzia chesi Katwe, Kampala, chini ya Robert Katende, na mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi kule Urusi. Mimi sikuwa hata na kete. Nilichora ubao wa chesi kwenye boksi la sabuni nikamuuliza yule mtoto wa mukene: humu mna miraba mingapi?

"Sitini na nne," akajibu, akaanza kuondoka. Kisha akasimama. Akarudi, akaweka kidole kwenye ukingo wa nje.

Siku ya tatu aliniletea karatasi: 204, amejumlisha kuanzia ule mmoja mkubwa hadi ile 64 midogo. Safari hii njia ameionyesha yote, bila kuambiwa.

"Na mistatili je, ticha?"

Jioni ile nilichelewa kulala, nahesabu.