Betri ya saa yako haijafa, ni njia unayopitishia muziki

"Fundi, nibadilishie betri ya hii saa janja. Boksi limeandika siku 7, na hii haifiki hata magharibi." Sentensi hii nimeichoka. Naijibu hapa mara moja, kisha atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Kwanza, nitasema "masaa" kila ninapotaja muda. Walimu wa Kiswahili mnisamehe, la sivyo hatutajua saa ipi ni ya mkononi na ipi ni ya ukutani.

Zile siku 7 si uongo. Ni za saa iliyokaa mkononi ikihesabu hatua na kupokea ujumbe, si za saa inayokimbia nawe kutoka gatini Lamu hadi Shela huku GPS imewaka na nyimbo zinashuka kutoka mtandaoni. Chukua dumu la petroli la lita 20 kwenye dau. Ukienda kwa tanga na kuwasha mashine wakati wa kuingia gatini tu, dumu hilo utakaa nalo wiki. Ukifungua mashine yote kukabili kusi, adhuhuri unaomba kuvutwa. Nahodha haendi kulalamika kwamba dumu limetoboka.

Tena watengenezaji wenyewe wameandika, ila watu husoma mstari wa kwanza tu. Garmin Forerunner 245 Music: siku 7 kwa matumizi ya kawaida, masaa 24 ukiwasha GPS, masaa 6 ukiwasha GPS pamoja na muziki. Saa ile ile, betri ile ile. Apple Watch Series 6 imeandikiwa masaa 18, na ndani yake wamehesabu zoezi moja la dakika 60 lenye muziki uliohifadhiwa kwenye saa. Zoezi la nje mfululizo kwa GPS ni masaa 7, na LTE, yaani mtandao wa simu wa 4G, ikiongezwa ni 6. Betri yenyewe, kwenye ile kubwa ya milimita 44, ni kama mAh 300 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri). Simu nyingi zina karibu 5000. Hapo unataka nini zaidi?

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi hasa: "muziki unakula betri." Muziki upi? Umepitia wapi? Kuna njia tatu, na gharama zake hazikaribiani.

Nyimbo zikiwa zinapigwa na simu iliyo mfukoni, saa haipigi chochote. Ni rimoti tu ya kuruka wimbo na kuongeza sauti. Ndiyo maana yule jirani mwenye saa ya shilingi elfu tatu anajigamba kwamba yake "inakaa siku tano na muziki". Mara nyingi saa hizo hazina hata GPS yake. Zinaazima ya simu. Anayefanya kazi ni simu, anayesifiwa ni saa. Mlinganisho huo tafadhali usiniletee tena.

Njia ya pili, nyimbo zimehifadhiwa ndani ya saa na zinakwenda kwenye spika za masikioni kwa Bluetooth. Hapa saa inafanya kazi kweli: inasoma faili, inaifungua, inairusha. Kwenye saa yenye skrini ya kubana matumizi kama hiyo Forerunner, pengo huonekana kubwa kwa sababu bila muziki ilikuwa karibu imelala. Kitu kingine, mwili wa binadamu ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya Bluetooth. Saa ikiwa mkono wa kushoto na spika inayopokea ikiwa sikio la kulia, pakiti za data hupotea njiani na hurushwa upya. Muziki ukikatakata, hamisha saa mkono wa pili kabla ya kulaumu spika.

Njia ya tatu ni kustrimu, yaani kuvuta nyimbo mtandaoni huku zinapigwa, kwa laini iliyo ndani ya saa yenyewe. Watu hudhani kupokea ni bure kwa kuwa "mimi situmi kitu". Unatuma. Kila fungu la data linalofika, saa huujibu mnara kwamba limefika. Redio ya LTE, yaani kile kirusha mawimbi kilicho ndani ya saa, inaruhusiwa kupanda hadi miliwati 200. Bluetooth ya daraja la 2 inaishia miliwati 2.5. Mnara ukiwa karibu, saa hunong'ona. Ukishaupita mji wa Shela ukaingia kwenye ule ufuo mrefu wa vilima vya mchanga, tazama simu yako: kama vijiti vya mtandao vimebaki kimoja, saa nayo inapiga kelele kwa antena yake ndogo. Na data ikikoma, redio haizimiki papo hapo. Hubaki macho sekunde kadhaa ikingoja nyingine.

Ndiyo sababu orodha ya nyimbo ni nafuu kuliko stesheni ya matangazo ya moja kwa moja. Wimbo mzima unaweza kuvutwa kwa mkupuo, kisha redio ikasinzia. Matangazo ya moja kwa moja hayaipi nafasi hata ya kupepesa. Kwa Series 6, Apple wanasema masaa 11 kwa nyimbo zilizohifadhiwa, 8 kwa orodha kupitia LTE, 7 kwa stesheni ya matangazo. Ni vipimo vyao, bila zoezi lolote juu yake.

Kwa hiyo pakua. Dakika 60 za muziki wenye ubora wa 128 kbps ni kama MB 58, haijazi chochote. Weka saa kwenye chaja, iunganishe na Wi-Fi, acha ipakue usiku. Kwa Bluetooth utazeeka ukingoja. Kisha zima laini ya saa kabla ya kutoka. Kimbia alfajiri, jua la mchana huisukuma skrini hadi mwangaza wa mwisho, na joto huzeesha lithiamu.

Kabla ya kutaja betri, angalia chumvi. Jasho na maji ya bahari huacha ukoko kwenye vijichuma vya chaji, kwa saa zilizo navyo kama hiyo Forerunner, saa inakaa usiku kucha kwenye waya na haijaingiza kitu. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, sugua kwa pamba yenye spiriti.

Na ukweli ambao mafundi hatuupendi: asilimia ya afya ya betri ni makisio ya programu, nami siiamini peke yake. Pia nikishaifungua saa, gundi mpya haizuii maji kama ya kiwandani. Siwezi kukuahidi kuogelea nayo.

Jipime hivi. Siku ya kwanza, kimbia dakika 60 ukiwa na GPS na nyimbo zilizohifadhiwa, andika asilimia zilizokwenda. Siku ya pili, umbali ule ule na wakati ule ule, strimu: tofauti ndiyo gharama ya laini. Kwa saa ya ukubwa wa Series 6, siku ya kwanza ikila chini ya 20, betri ni nzima na usije. Ikila 30 na zaidi, njoo, na ulete chaja yako.