Bayocha si mbolea

Jumamosi nilikuwa kwenye duka moja la pembejeo hapa Bweyale, Uganda, akaingia mama ameshika jani la mahindi. Njano ilikuwa imeanzia nchani ikashuka katikati ya jani kama herufi V, kingo bado kijani: dalili ya mahindi yenye njaa ya naitrojeni, chakula ambacho yurea huleta. Muuzaji hakulitazama mara mbili. "Mama, achana na yurea, bei iko juu. Chukua hii mbolea ya bayocha." Ni mara ya tatu msimu huu nasikia maneno hayo mawili, "mbolea" na "bayocha", yakifungishwa ndoa, nami nimechoka kunyamaza.

Bayocha ni makaa ya mabaki ya mimea (magunzi, makapi ya mpunga, maganda ya kahawa) yaliyochomwa kwa nyuzi 350 hadi 700 hivi za Selsiasi bila hewa ya kutosha, kwa ajili ya shamba na si jiko. Basi. Yakipata hewa yanakuwa majivu, na majivu ni habari nyingine.

Jina lenyewe limeungwa. "Bayo" ni Kigiriki, bios, uhai. "Cha" ni kipande cha neno la Kiingereza la makaa. Wapo wanaotafsiri "makaa hai", wakidhani ndani mna vijidudu vya kurutubisha udongo. Sivyo. "Bayo" inasema makaa yametoka wapi: kwenye vilivyoota, si kwenye machimbo kama makaa ya mawe. Yenyewe yamekufa kabisa, na sifa yake ni hiyo hiyo, hayaozi upesi. Kule Amazon upo udongo mweusi uitwao terra preta, uliotiwa makaa na wenyeji kabla Wazungu hawajafika, na makaa yale yamo mpaka leo.

Ila kosa la "mbolea" nadhani limetoka kwenye Kiganda, lugha ya biashara ya wengi wetu. Huko mbolea ni ekigimusa, kinachoipa ardhi rutuba, na kwa maana hiyo bayocha inaingia bila kupiga hodi. Likihamia Kiswahili likawa "mbolea", msikilizaji anasikia chakula cha mmea, anatarajia naitrojeni. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Magunzi hayakuwa na nyingi tangu mwanzo. Sehemu ya hiyo kidogo ilipaa na moshi, na iliyobaki imefungwa ndani ya makaa ambako mizizi haiifikii kwa urahisi.

Bayocha ni kihenge. Udongo mwekundu uliochoka, wenye asidi, hauna pa kuhifadhi: yurea inageuka amonia ikapotelea hewani, au inageuka naitreti ikazama na mvua chini ya mizizi. Makaa yana vitundu vinavyoshika maji na kuta zinazoshika sehemu ya naitrojeni hiyo, na yanapunguza asidi. Ndiyo maana nafaka za kwetu huitikia vizuri yurea na bayocha vikienda pamoja. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta bayocha imeongeza mavuno ya nchi za joto kwa wastani wa asilimia 25. Kwenye nchi za baridi, karibu hakuna kitu.

Lakini kihenge kipya hakina punje. Bayocha ambayo haijalowekwa kwenye mkojo wa ng'ombe wala kukaa na samadi wiki kadhaa yaweza kuyanyang'anya mahindi hata naitrojeni kidogo yaliyoikuta. Kwa jani lile la njano, mama angenunua njaa akaiongeza juu ya njaa.

Aliondoka na kilo tano za yurea. Muuzaji hakukasirika, si mtu mbaya, kibao chake tu ndicho kibaya. Nikamwomba, kaka, pale ulipoandika "mbolea ya bayocha", futa "ya", weka "na". Akacheka, akaanza kutafuta chaki.