Bomba la maji likipita Bagamoyo, nani anautazama mtaro?

Mradi wa maji ukifika Bagamoyo, swali la kwanza tunaloulizwa sisi watu wa mambo ya kale ni hili: "Mtatucheleweshea maji?" Wananchi wamechoka kubeba madumu, wana haki ya kuuliza. Mara nyingi mtaro hausimami. Kijiko kinasogea mbele na kuendelea kuchimba, sisi tunabaki na kile kipande tulichokitilia shaka.

Pale Kaole, kusini kidogo mwa mji, magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe yanalindwa na yanajulikana. Lakini waliokuwa na nyumba za mawe walikuwa wachache. Wengi waliishi kwenye nyumba za miti na udongo, na hizo hazikuacha ukuta. Zimeacha sakafu iliyoshindiliwa, majalala, mashimo ya nguzo, mabaki ya chuma kilichoyeyushwa. Havionekani kwa juu, na bomba linalazwa kina hichohicho.

Ndiyo maana mwanaakiolojia husimama kando ya kijiko. Kwenye eneo lenye dalili huomba ndoo isiyo na meno, udongo ukwanguliwe kidogo kidogo. Macho yake yako zaidi kwenye kingo za mtaro. Mchanga wa pwani ni mweupe au mwekundu; ukiona mkanda mweusi wenye magamba ya kome, mifupa ya samaki na vigae, hapo watu walikaa na kupika. Panapigwa picha, panachorwa, panapimwa kina, na vigae vinawekwa kwenye mifuko yenye lebo. Kigae cha kijani cha kutoka China kikikutwa ndani ya mkanda huo husaidia kujua umri wa vyungu vya hapahapa vilivyolala nacho. Kikiokotwa juu ya lundo la udongo, kimebaki pambo tu. (Wanaosubiri tufukue mali inayodaiwa kufukiwa na Mjerumani, wataendelea kusubiri.)

Kaburi lina utaratibu wake. Kwetu kibla kiko kaskazini, kwa hiyo makaburi ya Waislamu hulala mashariki–magharibi, na mtaro unaoelekea kaskazini huyakata kwa upana. Dalili huwa ni doa jembamba la udongo uliochanganyika. Hapo kazi husimama kweli, wazee na viongozi wa dini wakaitwa, na mara nyingi nafuu ni kulipindisha bomba.

Kupindisha huko kungekuwa rahisi zaidi kwenye ramani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, lakini bado tunaitwa mabomba yakiwa yameshapangwa barabarani. Kwa maoni yangu, ucheleweshaji mwingi tunaolaumiwa nao huanzia hapo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Kibarua ukikutana nacho, kiache kilipo, mwite msimamizi wako, na mtendaji wa kijiji au mtaa naye ajulishwe. Kama tayari kimetoka, weka alama pale kilipotoka. Na usikioshe: masizi yaliyoganda kwenye chungu yanaweza kupimwa maabara yakatupa umri wake.