Tangi bovu la pikipiki: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Pikipiki ya zamani haishindwi kirahisi. Honda CG 125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, ukiipa ringi mpya na gasketi inafufuka. Tangi ndilo linalosumbua, hasa kwa wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, ambako hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Na tangi likianza kuvuja, kila kijiwe kina tabibu wake.

“Tangi halina kitu, chomelea tu”

Hii ndiyo inayoua, kwa hiyo itangulie. Kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na mvuke hautaki petroli nyingi. Hewa yenye mvuke kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 inalipuka ikipata cheche. Kwa tangi la lita 10, petroli isiyofika robo kijiko cha chai inatosha kufikisha kiwango hicho ikigeuka mvuke yote. Kiasi hicho hujificha kwenye mshono wa bati au chini ya magamba ya kutu, na joto la kuchomelea ndilo linalokitoa mafichoni. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa. Lile tupu ni nafasi tupu, na ndilo la kuogopa zaidi.

Kunusa si kipimo. Pua ya fundi aliyeshinda na petroli tangu asubuhi imeshazoea. Tena mvuke huu ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kutafuta moto: fundi mwenzake anayekata chuma, au jiko la mama ntilie wa jirani.

Wapo wanaopitisha moshi wa ekzosi ndani ya tangi ili “kufukuza gesi”. Moshi unapunguza oksijeni, lakini petroli iliyojificha haiondoi, na hakuna anayepima kujua kama umetosha. Njia yenye nafuu ni kutoa koki ya petroli iliyo chini ya tangi, kuosha kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha kulijaza tangi maji hadi karibu kabisa na tundu linalovuja. Tundu liwe sehemu ya juu kuliko zote, na uwazi ulio juu, kama shimo la koki tangi likipinduliwa, usizibwe ili maji yakichemka mvuke wake upate pa kutokea. Fundi akikuambia maji yanampotezea muda, beba tangi lako uondoke.

Kwa tundu dogo kama la sindano, kuchomelea kwenyewe si lazima. Lehemu huyeyuka chini ya nyuzi 250, wakati bati la chuma linataka 1,500 hivi. Chuma cha kulehemu kinapashwa moto mbali, kinaletwa kikiwa kimeshika joto, na hapo tangi halikutani na mwali. Kuosha na kujaza maji kuko palepale.

“Paka sabuni, imekwisha hiyo”

Sabuni ya kipande inaziba kweli, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Kwa hiyo dawa hii inakufikisha nyumbani kiangazi, na inakuacha njiani mvua ya kwanza ya masika, au siku ile ile unapoiosha pikipiki. Silikoni haifai kabisa: petroli inaivimbisha hadi inabanduka. Kuna na ile gundi ya kuyeyusha boksi jeupe la friji, lile povu gumu la kufungashia, kwenye petroli. Kilichoyeyushwa na petroli kitayeyushwa tena na petroli, sijui kwa nini bado tunabishana. Gundi ya chuma ya kuchanganya, ile ya sehemu mbili, inashika vizuri mahali padogo iwapo bati limepigwa msasa hadi linang’aa na halina hata alama ya mafuta.

“Tundu limezibwa, tatizo limekwisha”

Tundu ni matokeo tu. Kilichotoboa ni maji yaliyotulia chini ya petroli, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, na ndiyo maana tangi huoza kwenye pembe ya chini, karibu na koki. Baadhi ya maji hayo yanatokana na unyevu wa usiku kugeuka matone kwenye kuta za tangi lisilojazwa. Ukiziba bila kutoa kutu, miezi kadhaa baadaye unaziba sentimita mbili pembeni. Kuongeza chujio la pili kunaikinga kabureta, tangi linaendelea kuliwa.

Asidi ya betri inatoa kutu upesi, kisha inaendelea na bati lenyewe, na kwenye tangi la zamani lililokwisha kuwa jembamba unaweza kubaki na kichujio cha nazi. Siki nyeupe ni ya polepole lakini haina haraka ya kukutia hasara: jaza, acha siku moja au mbili, tikisa na nati chache au kipande cha mnyororo. Mchanga usitie, hautoki wote. Ukimwaga siki, suuza kwa maji yenye magadi, likaushe tangi hapo hapo, uzungushie oili kidogo ndani. Bati lililo tupu na lenye unyevu huanza kuota kutu mpya ndani ya saa chache. Kupaka rangi ya kawaida ndani ni kupoteza hela, petroli inaibandua na kuipeleka kwenye jeti, vile vitundu vya petroli ndani ya kabureta.

“Kifuniko kina tundu, kizibe”

Tundu hilo limewekwa makusudi, hewa iingie kadiri petroli inavyotoka. Mafundi wa rangi hulifunika bila kujua, mwenye pikipiki anabadilisha plagi na kabureta bure. Kama injini inazima baada ya mwendo kidogo, fungua kifuniko usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka tena, toboa tundu hilo kwa waya mwembamba.