Rundling: kijiji cha duara cha Wendland

Rundling ni jina la Kijerumani la kijiji cha wakulima ambacho nyumba zake zimezunguka uwanja mmoja, zote zikiuelekea. Kwa kawaida njia ya kuingia ilikuwa moja, na hiyohiyo ndiyo ya kutokea. Hakuna aliyekatiza hapo akienda kwingine. Mgeni aliyefika, kawajia wenyeji.

Vijiji hivi vimehifadhika vizuri zaidi huko Wendland, katika wilaya ya Lüchow-Dannenberg, kaskazini mwa Ujerumani, karibu na mto Elbe. Wendland maana yake nchi ya Wawendi, jina ambalo Wajerumani waliwaita majirani zao Waslavi. Vingi vilianza karne ya 12, watawala wa Kijerumani walipotaka ardhi ifyekwe na kulimwa, na wengi wa waliokaa humo walikuwa Waslavi hao.

Kwa nini duara? Zamani ilisemwa ni boma la kujihami. Siku hizi wataalamu wengi wanaona ni mpango wa makazi, nami naona hoja yao ina nguvu, maana kijiji kiliwekwa kwa hesabu: mpakani mwa nchi kavu ya kulima na bonde lenye maji la malisho. Kila familia ilipata kiwanja kama kipande cha tikiti, chembamba uwanjani, kikipanuka kuelekea nyuma kwenye miti ya matunda na mialoni. Kanisa, pale lilipokuwepo, kwa kawaida lilijengwa nje ya duara.

Nyumba yenyewe ndiyo inayonivutia zaidi. Ni fremu ya boriti za mwaloni, na nafasi kati ya boriti zimejazwa fito na udongo, au matofali. Katikati ya uso wake kuna mlango mkubwa, unaopitisha mkokoteni uliosheheni majani makavu. Ukiingia, unakanyaga sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Ng'ombe na farasi wako kushoto na kulia, na mwisho kabisa ndiko kwenye meko na vyumba vya familia. Zamani hapakuwa na bomba la moshi: ulipanda darini, ukipita kwenye mapaja ya nguruwe yaliyotundikwa yakauke. Watu, mifugo na mavuno, wote paa moja. Juu ya mlango, kwenye boriti, walichonga sala, mwaka wa ujenzi, na majina ya mume na mke, mara nyingi pamoja na ubini wa mke alikozaliwa.

Kitani kilileta fedha. Wakulima walilima mmea wake, wakasokota nyuzi na kufuma nguo za kuuza, na nyumba zikakua. Moto nao ulikuwa adui: kijiji cha Satemin kiliungua mwaka 1850, na nyumba zinazosifiwa leo pale ni zile zilizojengwa upya baada ya hapo.

Lugha ya Kiwendi haikudumu kama nyumba. Katika kijiji cha Süthen, Johann Parum Schultze, mkulima aliyeuza pia pombe, aliandika kumbukumbu zake na kuorodhesha maneno ya lugha hiyo. Mwaka 1725, akiwa na miaka 47, alieleza kuwa yeye na watu watatu wengine kijijini wakishaondoka, hatakuwepo wa kujua vizuri mbwa anaitwaje kwa Kiwendi. Karne ya 18 haikuisha kabla lugha hiyo haijatoweka. Imebaki kwenye majina ya mahali kama Lüchow na Güstritz, yenye miisho ya Kislavi.

Duara lilisalia kwa sababu ambayo wenyeji hawakuifurahia. Ujerumani ilipogawanyika, Wendland ilizungukwa pande tatu na mpaka wa Ujerumani Mashariki hadi 1989. Viwanda havikuja kwa wingi, na nyumba za kale zikaachwa. Leo kijiji cha Lübeln kina makumbusho ya vijiji hivi. Kwingineko ng'ombe wameondoka, na nyuma ya milango mikubwa mafundi wameweka vioo ili mwanga uingie palipokuwa zizi. Boriti yenye majina bado iko juu ya mlango.