Mkopo wa Elimu ya Juu kwa Wahitimu wa Kifaransa: Nani Anadaiwa, na Kiasi Gani

Katika dirisha letu la huduma hapa Dodoma, wahitimu wa lugha, hasa wa Kifaransa, wanauliza swali moja: je, ambaye hajapata ajira ya fani yake anadaiwa? Anadaiwa. Katika marejesho, Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, haimtofautishi aliyesoma lugha na aliyesoma uhandisi.

Marejesho huanza miezi 24 baada ya kuhitimu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, wala si ya malipo yote, kama wengi wanavyolalamika kabla hata ya kuisoma hati yao ya mshahara. Mwalimu wa Kifaransa mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000, na posho zake haziguswi. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu amwajiri mnufaika wa mkopo, na kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Akizembea, adhabu ya asilimia 10 ni juu yake, si juu ya mfanyakazi.

Ugumu uko kwa asiye na mwajiri. Kijana mmoja alinifungulia daftari lake: huwatafsiria wafanyabiashara wa Burundi na Kongo wanaofuata mahindi Kibaigwa, 30,000 leo, 50,000 wiki inayofuata, kisha ukurasa mtupu. Alidhani kwamba bila barua ya ajira hana wajibu. Kisheria amejiajiri, na anapaswa kulipa si chini ya 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Nakiri kwamba kwa mwezi wa ukurasa mtupu kiwango hicho ni kizito, ndiyo maana tunamsihi mwenye hali kama yake afike mapema badala ya kujificha.

Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 kwa mnufaika aliyechelewa ziliondolewa mwaka 2021. Zilizoondolewa ni tozo. Deni lipo palepale, na inachosha kulirudia hili kila wiki. Mwaka huohuo Kifaransa kiliingia miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2022 Kongo ikajiunga. Fursa zimeongezeka, lakini hatuwezi kukokotoa marejesho kwa matarajio.

Unapofika, njoo na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa taarifa za mkopo wako hutafutwa kwa namba hiyo, si kwa jina la kozi.